Mafungu Kumi na Mawili ya Kile Kinene

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafungwa, saa tisa alasiri, Fundi alikaa mezani akaukata mgongo wa Kile Kinene kwa wembe. Alikata taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, maana uzi ule aliushona mwenyewe mwaka uliopita na alijua alikoukaza. Upande mmoja wa wembe alikuwa ameuzungushia kitambaa asijikate. Kushoto kwake kulikuwa na kopo la gundi, kulia rula ya chuma, na mbele yake kidonge cha nta cha kupakia uzi ili usikwaruze karatasi.

Kile Kinene kilikuwa kitabu cha tafakari cha kanisa, kurasa mia sita na ushei, na jina lake halisi lilikuwa limefutika kwenye jalada zamani sana, hata mchungaji naye alikiita hivyo hivyo. Kilikuwa kimoja tu. Kiwanda kilichokipiga chapa kilishafungwa, na karatasi zake zilikuwa nyembamba mno. Ukizitoa kopi, maandishi ya nyuma yalichungulia mbele, sala zikasomeka kinyumenyume. Basi kila kiangazi, shule zikifungwa na kwaya ikipumzika, Fundi alikifumua kikawa mafungu kumi na mawili, kila fungu akalivalisha kadibodi, na nyumba kumi na mbili zikagawana. Kila Jumapili baada ya ibada nyumba ilipitisha fungu lake kwa nyumba inayokaa benchi la nyuma yake, na benchi la mwisho likapeleka mbele kabisa. Wiki ya kumi na mbili kila mtu alikuwa amekisoma kitabu kizima, ila hakuna nyumba mbili zilizokisoma kwa mpangilio mmoja. Muumini mmoja, fundi saa, kwa mfano, kila mwaka alianza na ufufuo akamalizia na majaribu, na alisema yeye haoni tofauti.

Juu ya kila kadibodi Fundi alibandika kikaratasi chenye maswali ya kujiuliza. Mchungaji, kijana mwenye bidii na mwandiko mzuri, alikuwa ametunga manne: Umesoma nini? Kimekugusa wapi? Unamshukuru Mungu kwa lipi? Utafanya nini? Fundi alikuwa amevikata vikaratasi vifupi kidogo, vya mistari mitatu, na karatasi nyingine ya rangi ile haikuwepo. Mchungaji alivigeuza geuza akasema si neno, maswali matatu yanatosha, watu wasije wakachoka na jua hili. Swali la nne likaachwa.

Fundi mwenyewe hakupewa fungu. Yeye alikuwa mwanamke mmoja, akiishi peke yake nyuma ya karakana yake, na mtu mmoja hahesabiwi kuwa nyumba. Kazi yake ilikuwa kufumua na kushona.

Nyumba ya kwanza katika orodha, ile ya benchi la mbele, ilikuwa ya Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mpole, asiyepandisha sauti wala kumpita mtu bila kumsalimu. Katika nyumba hiyo ndimo alimoishi mdogo wa kike wa Fundi, tumbo moja, baba mmoja. Aliingia akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake Mwenyekiti, ambaye kanisa zima lilimwita Bibi, alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na Fundi, ambaye siku hizo alikuwa bado anajifunza kazi na kulala chini ya meza ya mwalimu wake, alimpeleka mdogo wake akasaidie kiangazi kimoja. Kiangazi hicho sasa kilikuwa na miaka ishirini na miwili. Bibi alikuwa amefikisha tisini na minne na mzima kabisa, ukiondoa nyonga. Watoto wa Mwenyekiti, ambao msichana yule aliwabeba mgongoni, walikuwa wameshaoa na kuolewa. Walimwita Dada. Wajukuu nao walimwita Dada, na Mwenyekiti na mkewe vile vile, na katika wote hao hakuna aliyekuwa ndugu yake.

Mwaka huu jambo lilikuwa limejitokeza. Mama mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilikuwa nyumba ya pili kutoka karakana ya Fundi, alihitaji mtu wa kufanya naye kazi, mtu mzima, asiyehitaji kusimamiwa. Alikuwa amemwona Dada akikanda unga kwenye sherehe za kanisa, akampenda mikono. Alimwambia atamngoja mpaka shule zifunguliwe, si siku moja zaidi. Dada akaenda kwa Mwenyekiti akamweleza, na Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutaliangalia, Dada." Baada ya wiki mbili akamkumbusha, akajibiwa maneno yale yale kwa sauti ile ile nzuri. Ndipo alipomwendea Fundi, dada yake.

"Wewe ndiye uliyenipeleka pale," alimwambia. "Wewe ukisema atasikia. Mimi nikisema ananiitikia tu."

"Nitasema naye," alisema Fundi.

Alikusudia kweli. Lakini Mwenyekiti ndiye aliyempa kazi yake ya kwanza ya kujalidi vitabu vya nyimbo, wakati hakuna mtu mwingine aliyemjua, na kazi hiyo iliendelea kuja kila mwaka. Kila alipomwona akiingia karakana, kofia mkononi, akimuuliza habari za macho, Fundi alijibu habari za macho tu.

Mambo ya kitabu yalianza wiki ya pili. Nyumba ya muuza dawa ililifungua fungu la tisa, lililotoka kwa fundi saa, na kwenye ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, kati ya aya ya unyenyekevu na aya ya kufunga, wakakuta aya nyingine. Ilisema kwamba fundi saa na kaka yake wamekula meza moja kwa miaka sita bila kusemezana, na kwamba chumvi hupitishiana kwa kuisukuma na ncha ya mwavuli. Herufi zilikuwa zile zile za kitabu, za kizamani, zenye vimkia. Namba ya ukurasa ilikuwa ile ile. Muuza dawa alimsomea mkewe, mkewe akasema ule mwavuli anaujua, ni wa buluu, na wakaendelea na aya ya kufunga.

Jumapili ikabainika kwamba ni mafungu yote. Kila nyumba ilikuwa imeandikwa ndani ya fungu ililolishika, na nyumba ya benchi la nyuma ilikuwa imesoma. Dereva wa lori alikuwa akiomba kwa sauti dirisha likiwa wazi, na likifungwa hulala bila kuomba. Mkewe muuza dawa kila mwaka humwandikia dada yake asije, nyumba imejaa wageni, na nyumba haikuwa na mgeni. Hakuna kilichotiwa chumvi. Ilikuwa imeandikwa kwa upole, kama mengine yote humo.

Mchungaji alimletea Fundi fungu moja alikague. Fundi alihesabu kurasa, zilikuwa zile zile. Alitazama uzi, ulikuwa wake, na fundo lilikuwa lake. Mistari ilikuwa imesogeleana kidogo kupisha aya mpya, kama watu wanavyobanana kwenye benchi aliyechelewa akifika. Aliliweka kwenye mizani yake ya gundi, likazidi gramu tatu.

"Ushonaji uko sawa," alisema.

"Na wino?"

"Umekauka vizuri."

"Basi watu wasome," alisema mchungaji. "Mimi niliogopa ni unyevu."

Wakasoma. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa ukumbini, feni mbili zikizunguka, wakanyoosha mikono na kuyajibu maswali matatu. Habari ya chumvi ilichukua dakika ishirini. Wengi walimshukuru Mungu kwamba kwao chumvi hupita mkono kwa mkono. Fundi saa na kaka yake walikuwepo, benchi moja, mwavuli katikati, na kila mmoja alikubaliana na yaliyosemwa. Walirudi nyumbani kama walivyokuja.

Fungu lililokuwa kwa Mwenyekiti wiki ya kwanza lilikuwa la nne, na lilikwenda kwa mwalimu wa hesabu, aliyekaa nyuma yake. Mwalimu alikuwa msomaji mzuri. Alisimama ukumbini, akasoma kama anavyosoma matokeo ya mtihani, bila kupunguza wala kuongeza:

"Katika nyumba ya Mwenyekiti yuko mwanamke anayelala koridoni, kati ya mlango wa Bibi na mlango wa choo, juu ya godoro analolikunja saa kumi na moja alfajiri ili watu wapite. Alikuja kwa kiangazi kimoja. Bibi akigonga ukuta huamka. Bibi akiota na kupiga kelele huamka, na Bibi asipopiga kelele huamka pia, kwenda kusikiliza kama anapumua."

Fundi alikuwa amekaa karibu na mlango, na kitu cha kwanza alichokisikia ndani yake ni furaha. Limesemwa, aliwaza. Limesemwa mbele ya watu wote na sikulisema mimi. Akakaa vizuri kwenye kiti, mgongo wima, kungoja kitakachofuata.

Mke wa mwalimu alikuwa anafuta machozi. Wengine wawili watatu nao wakatoa vitambaa. Mwenyekiti akasimama, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli, maana hakuwa mnafiki.

"Ndugu zangu, kitabu hiki hakimwonei mtu," alisema. "Aya hii imenigusa mimi kabla ya ninyi. Miaka ishirini na miwili mwenzetu huyu ametufundisha utumishi ni nini, na sisi tulikuwa tunampita tu. Naomba asimame tumwone."

Dada alikuwa nyuma kabisa, karibu na kiti cha magurudumu, akimfuta Bibi kidevu. Alisimama. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa na siku zake, aliuliza kwa sauti nani amekufa. Dada akainama akamwambia hakuna, akakaa.

Kila fungu lililopita katika nyumba ile lilitoka na aya yake, na hakuna iliyofanana na nyingine. Wiki ya tatu ilikuwa kwamba Dada hula wa mwisho, amesimama, sahani juu ya jokofu. Wiki ya nne ilikuwa majina ya watoto aliowalea, tarehe zao za kuota meno, na kwamba hakualikwa kwenye harusi ya yeyote kati yao ila kwa kupika. Mafungu yakaenda benchi kwa benchi, na kila nyumba ikalia kwa zamu yake. Jumapili watu walipanga foleni kumshika mkono. Muuza dawa alimletea dawa ya kuchua mgongo. Umoja wa akina mama ulichanga kitambaa kizuri chenye maua madogo, wakaenda sita kwa pamoja, wakamtundikia pazia koridoni, na waliomba kabla ya kulitundika na baada ya kulitundika. Wiki ya tano aya ilisema kwamba sasa koridoni kuna pazia.

Wiki ya sita ikaja ile Fundi aliyokuwa akiingoja. Mwalimu wa hesabu aliisoma bila kukohoa. Ilieleza habari ya mwoka mikate, na siku ambayo Dada aliomba ruhusa, na siku aliyoomba tena, na maneno "tutaliangalia" mara mbili, kila moja na tarehe yake. Ilisema kwamba tangu siku hizo halijaangaliwa.

Mke wa Mwenyekiti akasimama, akaweka kanga yake sawa begani.

"Sisi hatujamfungia mtu mlango," alisema. "Huyu kwetu si mfanyakazi, ni mtoto wa nyumbani, kila mtu anajua. Lakini mniambie ninyi wenyewe, akiondoka leo, nani atamshika Bibi? Mtu mwingine anamkataa. Anamtemea chakula. Basi tuombeeni, maana jambo hili linatuumiza hata sisi."

Watu waliitikia kwa vichwa. Walilitazama kwa upande wake na wakaliona ni zito. Mchungaji alitoa kalamu akaliingiza kwenye orodha ya maombi, katikati ya mvua na paa la ukumbi, kisha akainua macho.

"Kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga?"

Alikuwa akitazama upande wa mlango, pengine bila kukusudia. Fundi alijua kwamba sentensi moja ingetosha. Alikuwa nayo, kamili, ameipanga tangu Ijumaa: Mimi ndiye niliyemleta, na leo namchukua. Aliziangalia kucha zake, zilikuwa na gundi iliyokauka pembeni, akaanza kuibandua. Mchungaji akasema tusimame tuombe.

Jumanne ilikuwa siku ya Bibi kwenda kliniki kunyooshwa nyonga, na mke wa Mwenyekiti ndiye aliyempeleka, kwa sababu kliniki kulikuwa na marafiki zake. Dada akapata saa moja na nusu. Alifika karakana, akasalimu, "Shikamoo, dada," akakaa kwenye kigoda na kuanza kumkunjia dada yake karatasi bila kuambiwa. Mikono yake haikujua kukaa.

"Umesema naye?"

"Kitabu si kimeshasema? Kimesema mbele ya kanisa zima."

"Kitabu nimekisikia. Nakuuliza wewe."

"Ngoja kiangazi kiishe, mambo yatulie."

"Kikiisha anachukua mwingine, dada."

"Najua."

Dada akacheka, kicheko chake kidogo cha puani. "Wewe ni hivyo tangu utoto. Mama akikutuma kwa jirani kuomba chumvi, unafika mlangoni unageuza, unarudi unasema hawapo."

"Walikuwa hawapo."

"Tulikuwa tunawaona dirishani."

Fundi naye akacheka, hakuweza kujizuia, na kwa muda wakakunja karatasi kama watu wasio na shida yoyote. Kisha Dada akasema, "Mwoka mikate ameniuliza nitalala wapi, maana tanuri linawashwa saa kumi alfajiri. Nimemwambia hapa. Kile kitanda cha mama si kipo chumba cha nyuma?"

"Kipo."

"Kina kitu?"

"Hakina kitu. Nitakipangusa vumbi tu."

"Basi," alisema Dada, na uso wake ulikunjuka kiasi kwamba Fundi alilazimika kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Alikwenda zake kabla ya saa moja na nusu kutimia, asije akachelewa.

Wiki zilizobaki zilikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali lakini la kuvumilika. Mwenyekiti alipita karakana, akakaa, wakazungumza habari ya jua. Alipita tena. Ukumbini watu walikuwa wamezoea aya, wakazisoma kwa haraka zaidi, na baadhi walianza kusema mwaka huu Kile Kinene kimenoga, miaka mingine kilikuwa kizito. Mchungaji aliripoti kwamba mahudhurio hayajawahi kuwa mazuri namna hii. Mwenyekiti alipendekeza kwamba aya zote zibaki, kitabu kishonwe nazo, kivishwe jalada jipya la ngozi, kisomwe tena mwakani. Ikapitishwa bila kupingwa. Dada bado alikuwa kwenye orodha ya maombi. Mvua ilikuwa imeondolewa kwa sababu ilinyesha.

Jumapili ya mwisho nyumba kumi na mbili zilirudisha mafungu, yakalala mezani kwa Fundi. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa, na adhuhuri ya siku hiyo ndiyo mwoka mikate aliyoitaja kuwa mwisho wake. Fundi aliamka mapema. Alitayarisha uzi mnene zaidi, maana mafungu yalikuwa yameongezeka unene, akaukokota kwenye nta mara tatu. Kisha, kwa kuwa fundi mzuri hashoni kitabu bila kuhakikisha mpangilio wake, alikaa akaanza kukipitia kuanzia fungu la kwanza hadi la mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kiangazi kile kukisoma kwa utaratibu.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa fungu la kumi na mbili, chini ya sala ya kufungia, kulikuwa na aya ambayo jana haikuwepo. Aliigusa kwa kidole. Wino ulikuwa umekauka.

"Katika nyumba ya Fundi," ilisema, "kuna kitanda cha marehemu mama yake, na juu yake zimepangwa kadibodi kutoka kichwani hadi miguuni. Kwa miaka tisa kadibodi hizo zilisimama ukutani na hazikumzuia mtu. Ziliwekwa kitandani siku ya Alhamisi, baada ya mdogo wake kukiomba. Mwenyekiti amefika karakana mara nne kiangazi hiki na wamezungumza habari ya jua. Fundi anaogopa kupoteza vitabu vya nyimbo. Lakini kuliko hilo, amezoea nyumba yake ikiwa kimya, na anaipenda hivyo."

Aliisoma mara mbili. Hakukuwa na neno la uongo. Aliona aibu, aibu nzima, iliyomshika shingo na masikio, na alikaa nayo pale mezani kwa muda mrefu akingoja imfanye asimame. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, saba ukitembea haraka. Alitunga uzi kwenye sindano, ukamponyoka, akautunga tena.

Hakumsikia Dada akiingia. Alimwona tu ameshasimama upande wa pili wa meza, mfuko wa sokoni mkononi, shingo imeinama pembeni, akisoma ukurasa ule juu chini. Alisoma mpaka mwisho. Hakuwa na haraka.

"Si Alhamisi," alisema.

"Nini?"

"Kadibodi. Ilikuwa Jumatano. Nilipita hapa nikimsukuma Bibi kupunga upepo, dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nikaziona."

Walitazama ukurasa wote wawili. Palikuwa pameandikwa Jumatano.

"Ningezitoa," alisema Fundi. "Ni kazi ya dakika tano."

"Ndiyo."

"Na leo ningekwenda kusema naye. Nilikuwa namalizia hiki tu."

"Nimempitia mwoka mikate asubuhi nikitoka sokoni," alisema Dada. "Nimemwambia asinitazamie. Yuko binti mmoja alikuwa anangoja, ameshaanza. Mzuri, ila anaogopa moto." Aliweka mfuko chini, akanyoosha mkono. "Lete sindano. Macho yako yamekwisha, unatoboa hewa."

Alitunga uzi mara ya kwanza tu. Kisha akamshikia mafungu wakati dada yake akishona, akiyagonga kingo zake mezani yakae sawa, na Dada akauliza ngozi ile imetoka wapi, akaambiwa. Fundi alitaka aombe radhi. Alilitafuta neno lenyewe na lilikuwepo, karibu kabisa, lakini alikuwa na nta mdomoni kwa ajili ya kuilainisha, na alipoitema wakati ulikuwa umepita.

Saa tano na nusu Mwenyekiti aligonga mlango uliokuwa wazi, kofia mkononi. Alisema amekuja kukichukua kitabu mwenyewe, kisisumbue watu. Alilipapasa jalada jipya akasema kazi ni kazi. Kisha akavaa miwani, akakifungua nyuma, kama wafanyavyo wakaguzi wa shule, ambao huanzia mwisho wa daftari. Fundi alisimama akimwangalia akisoma. Dada alikuwa akiokota vipande vya uzi sakafuni.

Mwenyekiti alimaliza, akavua miwani, akakifunga kitabu taratibu. Alimwekea Fundi mkono begani, mkono mwepesi wenye joto.

"Hii hatutaijadili ukumbini," alisema kwa upole. "Watu hawataielewa. Mimi na wewe tunaelewana, Fundi."

"Ndiyo, Mzee."

"Vitabu vya nyimbo vitakuja wiki ijayo. Mwaka huu ni vingi."

"Asante, Mzee."

"Dada," alisema Mwenyekiti, "Bibi ameamka, anakuulizia."

Dada akasimama, akazitia nyuzi kwenye kopo la taka. Kile Kinene kilikuwa kimekuwa kizito sana na Mwenyekiti alikuwa na mgongo wa utu uzima, kwa hiyo alikichukua Dada, akakiegemeza kwenye nyonga kama mtoto, na mfuko wa sokoni mkono wa pili. "Haya, dada," alisema. Wakatoka. Fundi alisimama mlangoni akiwatazama, Mwenyekiti mbele akiwasalimu watu, mdogo wake hatua mbili nyuma, mpaka walipokata kona kwenye tanuri la mikate.

Alirudi ndani. Miguu ilikuwa inamuuma kwa kusimama. Kigoda kilikuwa na kopo la gundi, kiti kilikuwa na mabaki ya ngozi, basi akaenda chumba cha nyuma akakaa kitandani, ukingoni, mahali ambapo kadibodi zilikuwa zimeacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja.